Kuvuta trela nzito huku pikapu imebeba kempa: uzoefu wangu na nyongeza ya kiungio

Nafanya kazi ya kuchimba mitaro na kuweka uzio hapa Colorado, Marekani. Saiti zangu nyingi ziko mbali na mji, kwa hiyo nalala kwenye kempa, kile kijumba kinachokaa kwenye bodi ya pikapu, na nyuma navuta trela yenye eskaveta ndogo. Viwili hivi haviungani hivi hivi. Lazima uwe na nyongeza ya kiungio, yaani chuma kinachochomekwa kwenye kiungio cha gari ili trela iungwe nyuma zaidi, na ndiyo ninayoizungumzia hapa. Ni kifaa kizuri, ila usikinunue kabla hujapitisha gari kwenye mizani.

Bodi yangu ina futi 8, kempa ina sakafu ya futi 11. Karibu mita moja ya kempa inaning'inia nyuma ya bampa na kukifunika kiungio cha gari. Ukiunga trela pale pale, kona ya kwanza tu itaivunja kempa. Nyongeza yangu inalisogeza tufe, ule mpira wa chuma unaokaliwa na trela, nyuma kwa sentimita 120.

Maduka yanauza bomba moja tupu kwa bei ya kuvutia. Achana nalo. Bomba la aina hiyo kwa kawaida hupunguza uwezo wa kiungio hadi nusu, na kwa urefu huu mimi nisingelifungia hata trela ya pikipiki. Niliyochukua ina mabomba mawili, la juu na la chini, yameshikanishwa kwa vyuma vya mshazari, na minyororo ya kukaza kila upande ili isiyumbe. Bei yake inauma. Tena ni nzito: kuichomeka peke yako ni adhabu. Lakini ikishafungwa haichezi, na chuma chake sijakiona kikipinda wala kupata ufa.

Kuna hesabu ambayo muuzaji hakuigusia. Trela yangu ikiwa na mzigo ina kilo kama 3,600. Uzito unaolikalia tufe unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya huo. Wangu ni kama kilo 450. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pikapu ina mita 4.3, na bila nyongeza tufe lingekuwa mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hapo kilo 450 zingeinyanyua ekseli ya mbele kwa kilo 170 hivi. Ukiweka nyongeza, tufe linafika mita 2.8, na ekseli ya mbele inapoteza karibu kilo 290. Hizo zote zinahamia nyuma, juu ya zile 450. Yaani trela ile ile, tufe lile lile, ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya kilo 740, na kempa tayari iko juu yake.

Mkononi unalisikia jambo hili: usukani unakuwa mwepesi kuliko inavyopendeza. Kilichonisaidia ni vyuma vya kusawazisha uzito, vile vinavyokazwa kati ya kiungio na mkono wa trela. Vinarudisha sehemu ya mzigo mbele. Springi za hewa nilizonazo pia, zinainua matako ya gari vizuri, ila hazibadilishi kikomo cha uzito wa ekseli kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Wengi wanadanganyika hapo: gari likisimama sawa wanadhani limebeba sawa.

Kwa hiyo napima kwenye CAT Scale, mizani iliyo kwenye vituo vya malori. Dereva wa nyumbani anayeihepa mizani ya Mariakani, kule Kenya, atanicheka, huku naingia kwa hiari na pesa natoa mwenyewe. Tiketi inakuonyesha ekseli ya mbele, ya nyuma na za trela kila moja kivyake, na ndizo namba za kulinganisha na kibandiko. Pikapu yangu ina tairi mbili mbili nyuma, na kikomo cha uzito wa gari zima, bila trela, ni pauni 14,000, takriban kilo 6,350. Mwenye tairi moja moja, na kempa kubwa kama yangu, asijisumbue.

Barabarani nimeridhika. Kwenye barabara kuu ya I-70, ukitoka tu handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari, mteremko wa kwenda Silverthorne unafika asilimia 7. Nashuka kwa gia ndogo na breki ya ekzosi, breki za umeme za trela zikisaidia, na sijaiona trela ikitikisa mkia. Upepo wa jimbo jirani la Wyoming ni habari nyingine. Ukivuma wa ubavuni naegesha. Dizeli inakwenda kilomita 4 hivi kwa lita.

Kero kubwa ni mlango. Mlango wa kempa uko nyuma, na trela ikiwa imeungwa, mkono wake umekaa pale pale ngazi inapotakiwa kushukia. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kikanyagio cha kutokea ubavuni. Nyaya za pini 7, zile za taa na breki za trela, na minyororo ya usalama navyo havikufika, nikavinunua vingine virefu. Kwenye seti ya nyongeza havikuwamo.