Sabuni ya kunyolea ya Arko: povu lake kwa maji ya ziwa na kwa maji ya mvua

Huu ni mwezi wa nne nanyoa ndevu kwa sabuni ya Arko ya kijiti, ile ya Kituruki yenye uzito wa gramu 75, ambayo shemeji yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam akijua kwamba hapa Ujiji nimezoea kipande cha sabuni ya mawese na wembe. Ninawaandikia hasa wenzangu wa Kigoma, kwa sababu wiki mbili za mwanzo nilikaribia kuamini kwamba sabuni hii haifai, kumbe kasoro ilikuwa kwenye maji.

Nilikuwa nikichota maji ya bomba, ambayo kwetu hutoka ziwani, naloweka brashi na kuisugua juu ya sabuni. Povu lilitoka jingi, lenye mapovu makubwa kama ya beseni la kufulia, lakini kabla sijamaliza shavu la kwanza lilikuwa limekwisha kufifia, na ukingoni mwa kikombe ulibaki utando mweupe unaonata. Wembe ulipita juu ya ngozi kavu, shingo ikawaka, na siku ya pili vipele vikatoka.

Maji ya Ziwa Tanganyika, pamoja na uangavu wake wote, yana magnesiamu nyingi, na kalsiamu kiasi, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi au ualkali, hukaribia 9. Ni yale tuliyofundishwa shuleni kuyaita maji magumu: sabuni ikikutana na madini hayo, sehemu yake hugeuka kuwa ule utando usioyeyuka, na sehemu hiyo haiwezi tena kutoa povu. Nilipojaribu maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, sabuni ileile, brashi ileile, povu lilisimama mpaka nikamaliza uso mzima.

Hata hivyo maji laini peke yake hayatoshi, na hapa naomba msomaji awe na subira nami. Nanawa uso kwa maji ya moto, na ukiwa bado umelowa napitisha kijiti moja kwa moja kwenye ndevu, kinyume cha zinavyoota, mpaka ngozi ipakwe tabaka jeupe linaloonekana. Ubahili wa sabuni katika hatua hii huharibu kazi yote. Brashi naikung'uta mpaka iache kudondosha maji, ndipo nasugua kwa kuzungusha. Mwanzoni povu huwa zito na kavu, linavutika kama gundi, na hapo ndipo wengi humimina maji na kulipoteza. Mimi nachovya ncha za brashi tu, nasugua kwa hesabu ya ishirini, nachovya tena, mara nne au tano. Vipovu huzidi kuwa vidogo mpaka havionekani tena kimoja kimoja, na povu hung'aa kama mtindi uliopekechwa. Nikilibana kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole huteleza bila kukwaruzana. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko wingi wa povu.

Sabuni yetu ya mawese siidharau, na kwa kuogea sijaona ya kuipita. Lakini kwa kawaida hupikwa kwa kostiki peke yake, yaani alkali kali ya sodiamu, ambayo hutoa mche mgumu usioyeyuka upesi, ilhali sabuni ya kunyolea huongezewa potasi, alkali kali ya potasiamu, ili ilainike na kushika maji, pamoja na asidi ya steariki inayolifanya povu liwe zito na lidumu. Mawese yana asidi hiyo asilimia 5 hivi tu. Ile ya mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, hutoa povu la haraka zaidi, lakini mapovu yake ni makubwa na hupasuka mapema. Natamani sana wapishi wa sabuni wa hapa wajaribu kuchanganya kostiki na potasi, maana malighafi tunayo mlangoni.

Harufu ya Arko inakaribia mchaichai, nami naipenda. Kijiti changu bado hakijafika nusu. Brashi ninayotumia ni ya nyuzi za kiwandani. Zile za manyoya ya nguruwe ni imara na hulainika zikilowekwa, lakini katika nyumba nyingi za Ujiji haziwezi kuingia.

Mvua zetu hukoma kati ya Aprili na Mei, kwa hiyo nimekwisha kutenga dumu la lita 20 lenye kifuniko kwa ajili ya kunyolea tu. Kunyoa mara moja hakunimalizii zaidi ya nusu lita, kwani suuza ya mwisho naifanya kwa maji ya bomba, na kwa kunyoa mara mbili kwa wiki dumu hilo litanifikisha wiki 20, yaani mpaka karibu na mvua za kwanza.