Vioo vya Italia vyenye fremu za rangi: anza kukagua mgongoni

Vioo vya kujitazamia vya Italia vinavyouzwa kama vya kale ni vya aina mbili kuu. Vya Venice vina fremu ya kioo kitupu, iliyopambwa maua, majani na vijiti vilivyosokotwa kwenye tanuri za Murano, kisiwa ambako mafundi wa kioo waliamriwa kuhamia mwaka 1291. Vingine ni vya karne ya 20, vya kampuni za Cristal Art ya Torino na Fontana Arte, iliyoanzishwa mwaka 1932 na Luigi Fontana pamoja na msanifu majengo Gio Ponti. Hivi havina maua. Fremu ni vipande vipana vya bluu au waridi, kingo zimekatwa mshazari.

Kwa nyumba yenye watoto na vumbi, chukua hivi vya karne ya 20. Kitambaa kimoja kinavitosha. Ua la Murano likivunjika petali, kupata la rangi ileile ni shida kubwa.

Rangi ikague kwenye ukingo, pale unene wa kioo unapoonekana. Bluu ya kobalti na zambarau ya manganizi huyeyushwa ndani ya kioo, kwa hiyo ukingo nao umekolea. Uso ukiwa wa bluu lakini ukingo ni kijani hafifu kama kioo cha dirisha, rangi imepakwa nyuma. Unyevu ukiingia itabanduka, na bei ishuke ipasavyo.

Kisha kigeuze. Skrubu za chuma ndizo adui mkubwa: kutu huvimba, husukuma kioo, na ufa huanzia kwenye tundu. Mara nyingi zimefichwa chini ya ua dogo la kioo, hivyo fungua moja uione. Badilisha kwa skrubu za shaba, weka kipande cha ngozi chini ya kichwa, kaza kwa mkono na uache mara inapogusa. Mashine ya kukazia isikaribie.

Vioo vya zamani zaidi vilipakwa bati na zebaki. Utavitambua kwa ukijivu na vinukta vinavyometa kama punje za chumvi, pengine na matone ya zebaki chini ya fremu. Fundi asikwangue mgongo huo, ni sumu, na thamani hupotea nao. Upakaji wa fedha uliobuniwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835 huharibika kwa weusi unaotambaa kutoka pembeni.



Mombasa au Unguja, usikibandike kioo kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Weka vipande vya kizibo nyuma, sentimita mbili hivi, hewa ipite. Dawa ya kusafishia usiinyunyize juu ya kioo, kwani hutiririka hadi ukingoni na kula fedha iliyopakwa mgongoni. Lowesha kitambaa kidogo, futa, kausha papo hapo.