Stesheneri ya Sabasaba: skani sawa, GPA hapana

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nilizokata ni za GPA, yaani wastani wa alama za chuo.

Jina silitaji, ila ni upande wa Sabasaba hapa Dodoma, ambako wahitimu wanapanga foleni na bahasha zao za kaki. Binti yangu kamaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), anaomba uzamili Marekani. Kwa skani hawa vijana wako vizuri: transkripti (karatasi ya matokeo yake ya chuo) ilitoka safi, muhuri unasomeka, na umeme ulipokatika waliwasha jenereta bila kupandisha bei. Ukurasa shilingi 500.

Shida ni bango la ukutani: TUNABADILI GPA KWENDA YA MAREKANI, 10,000/=. Kijana alichukua 4.2 ya binti, akazidisha kwa 4, akagawa kwa 5. Ikawa 3.36. "Mzee, hii ndiyo inatumika dunia nzima."

Mimi ni mhasibu, hesabu za mkato zinaniwasha. Kwetu A ni pointi 5, B ni 3, na kila somo lina uzito wa yuniti zake. Mwenye A za yuniti 12 na B za yuniti 8 ana pointi 84. Gawa kwa 20, unapata 4.2. Marekani A ni 4, B ni 3. Masomo yaleyale, herufi zilezile, yanatoa 72 kwa 20, yaani 3.6. Hiyo tofauti na 3.36 imeliwa na kikokotoo cha dukani.

Hata 3.6 siyo neno la mwisho, maana A ya kwetu huanzia 70 na ya kwao kwa kawaida 90. Ndiyo maana kuna taasisi kama WES ya kule New York zinazolinganisha matokeo ya nje na ya kwao, somo kwa somo, tena transkripti wanaitaka itoke chuoni moja kwa moja. Na vyuo vingi vya Marekani vinasema wazi: usibadili, andika GPA yako na kipimo chake. Fomu ya binti ilikuwa na visanduku viwili. Tukajaza 4.2, kisha 5.0. Bure kabisa.

Kilichonichosha zaidi ni dada aliyekuwa nyuma yetu, anaomba Ujerumani, naye akaanza kupigiwa hesabu ile ile ya mara nne gawa kwa tano. Jamani, Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu na 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu! Kwa 4.2 kama ya binti, fomula yao ni hivi: 5 toa 4.2, gawa kwa 3 (yaani 5 toa 2, GPA ya chini ya kufaulu kwetu), zidisha kwa 3, jumlisha 1. Jibu 1.8. Nilimwandikia nyuma ya risiti, kijana akaipiga picha kwa simu yake.

Bango nimeliacha likiwa palepale. Kwa skani nendeni, Jumapili wanafungua mchana, na malipo ya simu wanapokea.