Tahadhari: kuna fundi wa TV anayekufuata nyumbani, anaondoka na bodi yako na kukuachia nyingine

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nikiwa bado na uchungu, lakini nimeona nisikae kimya, kwa sababu mtu huyu bado anazunguka mitaa yetu ya Tabata na Segerea, hapa Dar es Salaam, na mtego wake unamnasa kirahisi yeyote asiyejua mambo ya TV. Mimi ulininasa. Ameondoka na shilingi 210,000 zangu na bodi ya TV ya mama yangu, yaani kile kibao cha ndani chenye vifaa vya elektroniki vinavyoiendesha.

TV yenyewe ni ya inchi 43, TV janja, niliinunua mwaka 2021 mama alipohamia kwangu kutoka Morogoro. Magoti hayamruhusu kutembea sana, kwa hiyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku na tamthilia zake ndizo zinazomchangamsha. Siku moja ikaanza kusumbua: ukiwasha, picha inatokea kwa sekunde mbili tatu, kisha kioo kinakuwa cheusi tii, sauti inaendelea kama kawaida. Ukizima ukawasha tena, hali ni ileile.

Namba ya fundi niliikuta kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Tangazo lilikuwa zuri: anakuja hadi nyumbani, anatengeneza TV zote, picha ya duka lililojaa TV ukutani. Akaja siku hiyohiyo jioni, kijana msafi, mwenye adabu, akamwamkia mama vizuri, akamwita mama mkubwa. Akailaza TV kwenye zulia, akafungua skrubu za nyuma, akatoa mita yake ya kupimia umeme.

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu ndipo mchezo ulipochezwa. Akagusa bodi kwa vijiti vya mita, akanigeuzia kioo cha mita nione: sifuri. Akagusa sehemu nyingine: sifuri. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Bosi, hapa paneli imekufa, na imeiunguza bodi." Paneli ni kile kioo chenyewe kinachoonyesha picha. Mimi nikaamini sifuri niliyoiona kwa macho yangu. Nilikuja kuelewa baadaye, usiku nimelala, nikashtuka: muda wote ule waya wa TV ulikuwa mkononi mwa mwanangu wa miaka sita anauchezea. TV haikuwa kwenye umeme! Unapima volti gani kwenye bodi ambayo haijachomekwa, kama si kutafuta hiyo sifuri?

Akadai 20,000 ya kuja kuangalia, na 130,000 ya kununua paneli na bodi, kisha 60,000 ya ufundi siku ya kurudisha. Nikatuma kwa simu. Jina lililotokea kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamke, na jina tofauti kabisa na alilojitambulisha. Nikamuuliza, akasema ni laini ya mke wake. Nikathibitisha. Akaifunga TV kwenye shuka langu mwenyewe, akapanda nayo bajaji.

Siku tisa. Kila nikipiga, "mzigo uko njiani bosi". Siku ya kumi akairudisha nikiwa kazini, mama akampokea, TV ikawaka, mama akanipigia kwa furaha nikatuma ile 60,000. Lakini dakika ishirini baadaye mama akapiga tena, sauti imebadilika. "Mwanangu, hii TV ikiwaka inaandika jina lingine. Na rimoti yetu haifanyi kitu, kaniachia nyingine."

Niliporudi nikakuta nembo ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia ndiyo inayotokea wakati wa kuwaka. Menyu ni tofauti. Intaneti hakuna, sehemu ya kuunganisha Wi-Fi haipo kabisa. Sauti ndogo, na nyuso za watangazaji zimekolea wekundu kama waliochomwa na jua. Nikampigia, akaniambia eti programu mpya ndivyo ilivyo, nitazoea. Wiki tatu baadaye kioo kikawa cheusi tena, sauti ikabaki. Nilipompigia safari hii simu haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Nilikwenda mahali alipokuwa akisema ndipo ofisi yake ilipo, nyuma ya soko. Mafundi wa pale wanamfahamu kwa sura tu. Hakuwa na meza pale.

Jirani yangu ana kijana aliyesomea umeme na elektroniki chuo cha ufundi VETA, nikamwomba anisaidie. Huyu kabla hajashika bisibisi aliomba tufunge mapazia na kuzima taa ya sebuleni. Akawasha TV, sauti ikatoka, akachukua tochi ya simu yake akaisogeza karibu kabisa na kioo, kwa pembeni kidogo. "Bibi, njoo uone." Mama akainama, mimi nikainama. Ndani ya ule weusi, palipopigwa na mwanga wa tochi, mtangazaji alikuwa anaonekana, hafifu kama kivuli, midomo inatembea. Paneli ilikuwa nzima. Haikuwahi kufa. Kilichokufa tangu siku ya kwanza ni taa za nyuma.

Alitueleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyomwelewa. Paneli yenyewe haitoi mwanga. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo za LED, mafundi wanaiita stripu, ndizo zinazoimulika. Taa hizo zimeungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine. Ikiungua moja tu, mkondo unakatika na zote zilizomo kwenye mfuatano huo zinazimika, au saketi inayoziwasha inahisi hitilafu na kujizima yenyewe ili kujilinda. Ndiyo maana picha inatokea sekunde chache kisha giza, na sauti haiguswi. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa TV za LED zilizotumika miaka kadhaa, hasa zile ambazo mwanga wake umewekwa mia kwa mia tangu zitoke dukani. Yetu ilikuwa hivyo.

Alipofungua, na kazi hiyo inataka mikono miwili na utulivu kwa sababu paneli ni kioo chembamba kinachopasuka hata ukikiinua vibaya, tukaona kila kitu. Taa moja imerukwa kwa kipande cha waya kilichochomelewa, ili umeme upite juu yake uende kwa nyingine. Yule fundi wa kwanza hakubadilisha hata stripu moja. Zile lenzi ndogo zinazokaa juu ya kila taa kusambaza mwanga, tatu amezibandika kwa gundi ya kawaida, moja imeshadondoka iko chini inazunguka. Na bodi kuu, ile ya TV janja iliyokuja na TV, haipo. Mahali pake kuna zile bodi za bei nafuu zinazoingia kwenye TV za aina nyingi, ndiyo maana nembo, rimoti na intaneti vilibadilika. Bodi yetu ilikuwa nzima, si ndiyo iliyokuwa inatoa sauti na picha siku zote? Ameing'oa ikiwa hai, na bila shaka ameshaiuza kama spea kwa mtu mwingine.

Bodi hizo za kubadilisha si haramu jamani, na mafundi waaminifu wanazitumia bodi halisi ikifa na spea ikakosekana. Lakini unaambiwa kwanza, na unapewa ile ya zamani mkononi.

Kijana wa VETA aliweka seti nzima ya stripu mpya kwa 45,000, akataka 25,000 ya kazi yake. Jumla 70,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya ugonjwa wetu tangu mwanzo. Na ile bei ya 130,000 niliyotajiwa ingetosha kunishtua kama ningeuliza duka lolote: TV ikifa paneli kweli, paneli mpya inakaribia bei ya TV nyingine, na mafundi wengi watakushauri usihangaike.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujampigia fundi yeyote, fanyeni haya ambayo hayahitaji kufungua chochote. Sauti ipo picha hakuna, zima taa za chumba upige tochi kama nilivyoeleza. Ukiona picha hafifu, wewe unajua tayari ni taa za nyuma, na atakayekwambia paneli unamjua. Paneli mbovu huwa na dalili zake: ufa, au mistari ya wima isiyoondoka. Usipoona kitu kabisa chini ya tochi, jaribu kwanza kisimbuzi na waya wake wa HDMI kwenye TV ya jirani. Kuna watu wamelipa fundi kumbe waya umelegea. Na kama hata ile taa nyekundu haiwaki, anza na soketi na kile kifaa cha kulinda umeme ulichochomeka, kwa sababu navyo vinakufa. Chomoa TV, bonyeza kitufe chake cha kuwashia nusu dakika, subiri, chomeka tena. Wakati mwingine inatosha.

Kufungua mfuniko wa nyuma, usifungue kama hujasomea. Nasema kwa kumaanisha. Ile kapasita kubwa ya kwenye bodi ya umeme, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na haikuonyeshi dalili yoyote kwamba ina umeme. Mwanangu alikuwa amekaa hatua moja kutoka pale ilipofunguliwa, na mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Fundi akija, mwambie volti azipime TV ikiwa kwenye umeme, mbele yako. Mfuniko ukitoka tu, piga picha bodi zote kwa simu, zile stika zenye namba zisomeke, na weka alama ya rangi ya kucha kwenye pembe ya kila bodi na kwenye skrubu mbili tatu. Fundi mwaminifu hachukii. Yule wa VETA alinisaidia kushika simu. Spea iliyotolewa ibaki kwako hata kama imekufa. TV ikirudi, ingia kwenye menyu usome aina ya TV ulinganishe na stika ya nyuma kabla hujatuma senti. Jina kwenye muamala likiwa si la mtu aliye mbele yako, simama hapohapo.

Nimefungua taarifa kituo cha polisi, nina RB, yaani namba ya taarifa yangu pale kituoni, na nimetoa ujumbe wa miamala yote miwili. Afande aliniambia kesi ya mtu mmoja mwenye bodi iliyobadilishwa ni ngumu, ila wakijitokeza watatu au wanne wenye hadithi moja na laini ileile ya simu, wanaweza kuifuatilia. Sitaweka namba wala jina hapa. Kama TV yako ilichukuliwa na fundi wa kuja nyumbani ikarudi ikiandika jina lisilo lake, fungua ujumbe wako wa malipo uangalie kama ulituma kwa jina la mwanamke, kisha niandikie pembeni. Nitakupa namba ya RB twende pamoja.