Steshenari ya Ngamiani yenye mzee mstaafu wa jeshi, kwa wanaotaka uofisa

Wadau wa Tanga wenye vijana waliomaliza form six na wanalilia jeshi, wapelekeni ile steshenari ya Ngamiani ambayo asubuhi anakaaga mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Duka lenyewe ni kuprinti, kopi na kuskani vyeti, bei za kawaida tu, ila ushauri wa mzee ni bure na huo ndo umenifanya niandike.

Mdogo wangu kasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), kichwani kwake ni urubani tu, Kamandi ya Anga basi. Mzee hakumkatisha tamaa ila alimuuliza maswali ambayo sisi nyumbani hatujawahi kumuuliza, macho yako yakoje, na ukikosa kurusha ndege utakubali kuzitengeneza au kukaa kwenye rada? Maana Anga sio marubani peke yao. Halafu akamgeukia, wewe mtoto wa Tanga umejifunza kuogelea Raskazone, mbona Wanamaji huwataji kabisa? Jamani hata mimi nilishtuka, bahari tunaiona kila siku na hakuna aliyewahi kuiwaza. Akaeleza makao ya Wanamaji yapo Kigamboni, ofisa kule anaongoza meli, anasimamia mitambo, anafanya doria, na ile fizikia ya dogo inahitajika kwelikweli. Nchi Kavu ndo kubwa kuliko zote, watu wanadhani ni bunduki na kutembea tu kumbe kuna mizinga, vifaru, wahandisi wa medani.

Nilichompendea zaidi hapambi. Kasema kamandi utaitamani wewe ila anayekupanga ni jeshi kulingana na mahitaji yake, kwahiyo usiende Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi, moyo umeufunga kwenye kitu kimoja, pale unafundishwa kwanza kuongoza askari, na ukitoka na nyota yako moja ya Luteni Usu kuna watu maisha yao yako mikononi mwako. Hapo dogo alinyamaza kabisa. Akamwambia pia asidharau JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) maana matangazo ya nafasi za jeshi mengi yanataka cheti chake, na huku kwetu kambi za JKT za Maramba na Mgambo zote zipo. Na mtu yeyote akiomba hela ya kukuingiza jeshini ni tapeli, jeshi lenyewe linatangaza hivyo kila mara.

Kasoro zipo, pamefinyu, benchi moja, umeme ukikatika kopi hamna, na wateja wa kuprinti wanakatiza maongezi wakati mzee kafika penye utamu. Wasichana pia waende, nilimkuta mmoja wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anayetaka udaktari jeshini na mzee akampa muda uleule, akamweleza habari za Lugalo, hospitali ya jeshi.

Nendeni mapema, adhuhuri ikiadhiniwa anaenda msikitini na mara nyingi harudi. Mchukueni kijana mwenyewe, msiende wazazi peke yenu, mzee hataki kumjibu mtu kwa niaba ya mwingine.