Gereji ya Grogan iliyofungua giaboksi ya marehemu

Nianze na lawama nizimalize. Fundi aliniambia siku tatu, gari likalala kwake siku kumi na moja. Simu hashiki. Pa kuegesha hakuna, na mvua ikinyesha Grogan, yaani Kirinyaga Road ya Nairobi, ule upande wa kuteremkia mtoni, tope lililochanganyika na oili linakufika vifundoni. Vaa gambuti.

Gari ni Subaru Impreza nyeupe, ya zamani, lililokuwa la dereva wangu wa mbio za magari. Nilikuwa mwelekezi wake miaka sita, nakaa kando yake namsomea njia. Yalikuwa mashindano madogo ya wikendi. Jumatatu amesharudi kaunta ya hadiwea, na pesa za tairi zilitoka mfukoni mwake. Mwaka jana figo zikamshinda. Mkewe alinipa funguo, akasema yeye kuliuza hawezi na kuliangalia pia hawezi.

Gereji ya kwanza, jina naliacha, walisikiliza dakika mbili tu: giaboksi imekwisha, leta elfu tisini. Karibu nilipe, maana Impreza za miaka ya tisini zina sifa hiyo. Giaboksi yake ya gia tano ni kama yai, hasa gia ya tatu, na gari la mbio ndilo huivunja upesi.

Mzee wa Grogan hakuharakisha. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, akaniambia nikanyage klachi, niachie, nikanyage tena. Mlio ulikuja kila nikikanyaga, nikiachia unapotea. "Dadangu, hiyo ni beringi ya klachi. Gia hazina neno."

Kuifikia beringi lazima giaboksi ishuke, basi nikamwomba aifungue kabisa nione. Alizipanga gia juu ya gunia, akapitisha kidole kwenye meno ya ile ya tatu polepole, akaigeuzia mwanga. Kingo zote kali. Akaniuliza, "Huyu alikuwa anakimbiza gari kweli, ama alikuwa anapeleka watoto shule?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kutazama kando.

Marehemu alikuwa na shujaa mmoja tu, dereva wa mbio Mkenya Patrick Njiru, na hakumpendea mataji. Alimpendea mbio za Safari Rally za 1993, alipoifikisha mwisho Subaru Vivio, kigari cha sisi 660, akamaliza wa 12, ilhali Mskoti Colin McRae na Vivio kama hiyo alikwama njiani. Marehemu naye aliendesha hivyo, kwa kulitunza gari lifike. Kabla ya kubadilisha gia alitulia kidogo, kama mtu aliyepiga hodi. Nikimsomea kona yenye jiwe anaachia mafuta mapema, nami nanung'unika kwamba tunapoteza sekunde. "Tukifika tutazihesabu," anasema. Na tulikuwa tunafika, mara nyingi mbele ya watu wenye magari ya bei mara nne.

Nililipa shilingi 14,500 kwa M-Pesa, beringi na kazi yote. Risiti hakuna, ila beringi mbovu alinirudishia imefungwa kwa gazeti, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Nenda asubuhi, kabla ya saa mbili, uongee naye ana kwa ana.

Siku ya kuchukua gari aliniuliza kama anyooshe sakafu upande wa abiria, kuna mibonyeo miwili. Ni visigino vyangu hivyo, miaka sita nikikanyaga breki ambayo haikuwepo. Nikamwambia aiache.