Pampu ndogo ya kupandikiza: nzuri kwa arosto, ila usiisahau ndani

Hii ni tathmini ya mshika mkasi, si ya mwenye mradi. Mimi ndiye ninayewapandikizia panya pampu hizi za osmosisi za kuwatia kwenye utegemezi wa mofini, ile dawa kali ya maumivu.

Haina betri wala waya. Tabaka lake la chumvi huvuta maji ya mwili wa panya, huvimba, na kuukamua mfuko wa dawa taratibu kwa siku au wiki, kutegemea aina uliyoagiza. Kidonge cha miligramu 75 tulichokuwa tukikifukia chini ya ngozi kilimwaga dawa nyingi mwanzoni kisha kikalegea. Pampu ina nidhamu. Ukiitoa, arosto, yaani mateso ya kukatiwa dawa, inaanza: panya anajikung'uta, anaharisha, meno yanagongana, uzito unashuka.

Hayo hupoa baada ya siku kadhaa, na kazi yetu ndipo inapoanza. Tangu mtafiti William Martin na wenzake wafuatilie panya huko Lexington, Kentucky, na kuandika mwaka 1963, inajulikana kuwa mwili ulioachishwa mofini hukaa miezi bila kurudi sawa. Panya wa aina ndogo, wiki nne baada ya kuachishwa, ukiwatazama ni wazima kabisa. Walete karibu na panya mgeni: hawamchangamkii kama wale ambao hawakuwahi kupewa mofini. Ili kuhesabu wiki hizo unahitaji siku ya kwanza isiyo na ubishi, na hiyo pampu inakupa.

Sasa lawama. Pampu iliyopitisha muda wake huvimba na kuvujisha maji ya chumvi kali, ngozi ikawaka. Onyo hilo lilistahili herufi kubwa. Panya mwenye kidonda akijitenga, utasema ni mofini au ni maumivu? Basi lazima umpasue mara ya pili kuitoa, pamoja na wale wa kulinganishia, maana nao wanahitaji pampu yenye maji matupu. Ongeza kuiloweka kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37 kabla ya kuipandikiza, na kupigana na viputo vya hewa wakati wa kujaza. Na ikishatumika, ni ya kutupa.

Kwa swali la hamu ya kurudia dawa, usiinunue. Panya hapa anapewa dawa, haitafuti. Ukitaka kuona jinsi aliyeacha heroini anavyozidi kubonyeza, siku zikipita, ili iwake taa iliyokuwa ikiandamana na dawa hiyo, agiza kizimba chenye kibonyezo na mrija wa mshipani.

Nyota nne kati ya tano.